Halali Jimboni, Jinai kwa Taifa: Mkanganyiko wa Sheria za Bangi Nchini Marekani

Katika jiji la Denver, mtu aliyetimiza miaka 21 anaweza kuingia dukani, akaonyesha kitambulisho, akanunua bangi iliyopimwa maabara na kufungwa katika pakiti ambayo mtoto hawezi kuifungua, kisha akapewa risiti inayoonyesha kodi ya jimbo. Kwa sheria ya Colorado hakuna kosa lililotendeka hapo. Kwa sheria ya serikali ya shirikisho, ambayo ina nguvu Denver sawasawa na ilivyo na nguvu kwingine kote nchini Marekani, muuzaji amefanya biashara ya dawa za kulevya, mnunuzi amepatikana na dawa za kulevya, na mwenye jengo anayepokea pango la duka hilo, huku akijua linalofanyika ndani yake, anaweza kushtakiwa kwa kutoa mahali pa kufanyia uhalifu.

Hali hiyo ndiyo inayofichwa na kauli tunayoisikia mara kwa mara kwamba Marekani imehalalisha bangi. Marekani kama taifa haijaihalalisha. Kilichotokea ni kwamba majimbo 24, pamoja na Wilaya ya Columbia ulipo mji mkuu, yameruhusu watu wazima kuitumia kwa starehe, na majimbo mengine mengi yameiruhusu kwa matibabu peke yake, huku marufuku ya taifa ikiendelea kuwapo juu yake. Katikati ya mgongano huo umejengwa uchumi ambao mauzo yake halali hukadiriwa kufikia karibu dola bilioni 30 kwa mwaka. Wanaoujadili uchumi huo huyataja matatizo yake kana kwamba kila moja lina chanzo chake: kodi, benki, ufilisi, ajira, uhamiaji. Ninavyoona mimi, tatizo ni moja, nalo ni sheria mbili zinazotawala jani moja kwa wakati mmoja. Hayo mengine ni matokeo. Na ukiyafuatilia matokeo hayo mpaka yanapoishia, unakuta yanawaelemea zaidi wale wasio na mtaji wala mawakili.

Chimbuko ni Sheria ya Udhibiti wa Dawa ya mwaka 1970, iliyopitishwa enzi za Rais Richard Nixon. Sheria hiyo iligawa dawa katika majedwali matano. Jedwali la Kwanza, lililo kali kuliko yote, liliwekewa vitu vinavyodaiwa kuwa na sifa tatu kwa pamoja: uwezekano mkubwa wa kutumiwa vibaya, kukosa matumizi ya kitabibu yanayokubalika nchini, na kukosa usalama unaokubalika hata chini ya uangalizi wa daktari. Bangi iliwekwa humo pamoja na heroini. Sheria hiyohiyo iliunda tume ya kuichunguza bangi, na tume hiyo, iliyoongozwa na Raymond Shafer, aliyewahi kuwa gavana wa Pennsylvania, ilitoa ripoti mwaka 1972 ikipendekeza kwamba kupatikana na bangi kidogo kwa matumizi binafsi kusiwe tena kosa la jinai. Nixon aliipuuza ripoti hiyo, na bangi ikakaa katika Jedwali la Kwanza kwa zaidi ya nusu karne.

Majimbo yalianza kushika njia yao mwaka 1996, wananchi wa California walipopiga kura ya kuwaruhusu wagonjwa kuitumia. Majimbo ya Colorado na Washington yalifuata mwaka 2012 kwa kuiruhusu kwa watu wazima wote. Swali la kisheria lilikuwa limeshajibiwa kabla ya hapo, na jibu lenyewe halikuwapendelea wagonjwa. Mwaka 2002 maofisa wa serikali kuu waliifikia nyumba ya mgonjwa mmoja wa California na kuing'oa miche sita ya bangi aliyokuwa akiikuza kwa matumizi yake mwenyewe, ingawa maofisa wa eneo hilo walikuwa wameridhika kwamba hakuvunja sheria yoyote ya jimbo. Kesi iliyotokana na tukio hilo, Gonzales dhidi ya Raich, ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2005 majaji sita kati ya tisa waliamua kwamba Bunge la taifa lina mamlaka ya kupiga marufuku hata bangi ambayo haijauzwa wala kuvuka mpaka wa jimbo. Hoja yao ilitoka katika kesi ya mwaka 1942 ya mkulima wa Ohio aliyetozwa faini kwa kulima ngano kupita kiwango alichopangiwa, ngano ambayo alisema ni ya shamba lake mwenyewe: mavuno ya mtu mmoja ni madogo, lakini ya wote wanaofanya kama yeye yakijumlishwa yanagusa soko la taifa zima, na soko kati ya majimbo liko chini ya Bunge kwa mujibu wa Katiba.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi Washington, yaani serikali kuu, haikuyazuia majimbo moja kwa moja. Jibu ni kwamba Katiba ileile, kama ilivyofasiriwa katika kesi ya mwaka 1997 kuhusu bunduki na nyingine ya mwaka 2018 kuhusu kamari ya michezo, hairuhusu serikali kuu kuyalazimisha majimbo kutunga sheria fulani wala kuwatumia polisi wao kuitekeleza sheria ya taifa. Jimbo linaweza kuifuta adhabu yake. Haliwezi kuifuta ya Washington. Na kwa kuwa watu wengi wanaokamatwa kwa bangi hukamatwa na polisi wa majimbo na miji, serikali kuu yenye maofisa wachache imejikuta na sheria kali isiyo na watu wa kutosha wa kuitekeleza. Nafasi kati ya sheria hiyo na utekelezaji wake ndimo biashara nzima inamoishi.

Kinachoilinda biashara humo ni uvumilivu tu, na uvumilivu hauwezi kudaiwa mahakamani. Agosti 2013 Wizara ya Sheria ilitoa waraka unaojulikana kwa jina la naibu mwanasheria mkuu wa wakati huo, James Cole, ukiwaelekeza waendesha mashtaka wasipoteze nguvu kwa wafanyabiashara wanaofuata sheria za majimbo yao, ilimradi bangi haiwafikii watoto, haivushwi kwenda majimbo mengine na haiwatajirishi wahalifu. Januari 2018 Mwanasheria Mkuu Jeff Sessions aliufuta waraka huo kwa ukurasa mmoja. Tangu Desemba 2014 Bunge nalo limekuwa likiweka katika bajeti sharti linaloizuia Wizara ya Sheria kutumia fedha kuingilia mipango ya majimbo ya bangi ya matibabu. Sharti hilo haligusi bangi ya starehe, na linapaswa kuhuishwa kila bajeti inapopita. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, ambayo ni mahakama ya shirikisho ya majimbo ya magharibi, ilipowakingia kifua baadhi ya washtakiwa mwaka 2016 kwa kulitumia sharti hilo, iliwaonya katika hukumu hiyohiyo kwamba Bunge likiziruhusu tena fedha hizo, serikali inaweza kuwashtaki kwa yale waliyoyafanya wakati fedha zimezuiwa, maana muda wa kufungua mashtaka ni miaka mitano. Mtu anaambiwa na jimbo lake awekeze akiba yake yote, na wakati huohuo anaambiwa na mahakama kwamba anaweza kushtakiwa kesho kwa alichokifanya leo. Mwaka 2021 Jaji Clarence Thomas wa Mahakama ya Juu, ambaye hakuna anayeweza kumwita mtetezi wa bangi, aliandika kwamba mtindo huu wa serikali kuu kuruhusu na kukataza kwa pamoja unawategea mtego wasiojua.

Mtego ulio wazi zaidi ni wa kodi. Mwaka 1981 Mahakama ya Kodi ilimruhusu mtu mmoja wa Minneapolis, aliyekuwa akiuza kokeini, amfetamini na bangi, kutoa katika hesabu zake gharama za simu, gari, mizani na sehemu ya pango la nyumba aliyofanyia biashara, kwa kuwa sheria ya kodi ya wakati huo haikuwa na kizuizi. Bunge lilikasirika, na mwaka uliofuata likatunga kifungu cha 280E, kinachosema kwamba mtu anayefanya biashara ya dawa zilizomo katika Jedwali la Kwanza au la Pili haruhusiwi kutoa gharama yoyote ya uendeshaji. Gharama ya kununulia au kuzalishia bidhaa yenyewe ndiyo pekee inayoweza kuondolewa kwenye mauzo. Kifungu hicho kilitungwa miaka 14 kabla ya jimbo lolote kuruhusu bangi kwa wagonjwa, na kiliwalenga wauzaji wa mitaani ambao hawakuwa na nia ya kulipa kodi. Leo kinamkamata mwenye duka anayelipa kila senti anayodaiwa.

Tuchukue hesabu ya kubuni. Duka limeuza bidhaa za dola 1,000,000 kwa mwaka, na kununua mzigo huo kuligharimu dola 600,000. Faida ghafi ni dola 400,000. Mishahara, pango, walinzi, umeme na bima vimekula dola 350,000, hivyo mwenye duka amebakiwa na faida halisi ya dola 50,000. Lingekuwa duka la viatu, kampuni hiyo ingelipa kodi ya asilimia 21 ya faida halisi, yaani dola 10,500. Kwa kuwa ni duka la bangi, asilimia 21 inakatwa kwenye faida ghafi, na kodi inakuwa dola 84,000. Kampuni iliyopata faida ya dola 50,000 imemaliza mwaka ikiwa na upungufu wa dola 34,000, kabla jimbo halijadai chochote. Na kadiri mwenye duka anavyoajiri watu wengi zaidi ndivyo anavyoumia, kwa sababu mishahara haihesabiki. Kifungu hiki kinamwadhibu mtu kwa kutoa ajira.

Wafanyabiashara wamejaribu kukipinga mahakamani bila mafanikio makubwa. Kituo kimoja cha California kilichokuwa kikiwahudumia wagonjwa mahututi kilikubaliwa mwaka 2007 kutenganisha gharama za huduma zake za kijamii na zile za kugawa bangi, lakini wengi waliojaribu kuifuata njia hiyo walishindwa. Baadhi ya kampuni kubwa sasa hujaza ritani za kodi zikidai kwamba kifungu hakizihusu kabisa, zikaweka akiba kwa ajili ya mgogoro utakaofuata na kuuachia jopo la mawakili. Mwenye duka moja katika mji mdogo hawezi kuthubutu. Sheria ni moja kwa wote wawili, lakini uwezo wa kuibishia ni wa tajiri.

Upande wa benki hadithi inafanana, isipokuwa hapa kuna hatari ya maisha. Fedha zitokanazo na biashara inayokatazwa na sheria ya taifa ni fedha za uhalifu, na benki inayozipokea inaweza kutuhumiwa kwa utakatishaji fedha. Februari 2014 kitengo cha Wizara ya Fedha kinachopambana na uhalifu wa kifedha kilitoa mwongozo unaoziruhusu benki kuwahudumia wafanyabiashara wa bangi kwa sharti la kuwasilisha taarifa za miamala inayotiliwa shaka kwa kila mteja wa aina hiyo, hata yule asiyetiliwa shaka yoyote, na kuziweka taarifa hizo katika makundi matatu kulingana na jinsi mteja anavyoonekana kufuata sheria ya jimbo. Baadhi ya benki ndogo na vyama vya kuweka na kukopa vilikubali mzigo huo, vikautoza kwa mteja kwa njia ya ada kubwa za kila mwezi. Benki kubwa za kitaifa kwa jumla zilikaa mbali, na kampuni kubwa za kadi za malipo zikakataa kadi zao zitumike katika maduka hayo.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya biashara hii bado huendeshwa kwa noti. Duka lenye noti nyingi linajulikana na kila mwizi wa mtaa, na wahudumu na walinzi wameuawa katika ujambazi wa maduka hayo. Mswada wa kuzipa benki kinga ulipita katika Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza Septemba 2019 kwa kura 321 dhidi ya 103, ukapita tena mara kadhaa baadaye, na kila mara ukakwama Seneti. Mwaka 2023 ulivuka kamati ya Seneti inayohusika na benki kisha ukalala. Mswada ambao wabunge wa vyama vyote viwili wanaukubali, unaogusa usalama wa wafanyakazi, umezuiliwa na wanaotaka mageuzi makubwa zaidi pamoja na wasiotaka mageuzi yoyote, na wanaougharamia ni wahudumu wanaosimama nyuma ya kaunta usiku. Kuna milango mingine iliyofungwa kwa sababu hiyohiyo: kampuni ya bangi ikishindwa kulipa madeni, mahakama za ufilisi, ambazo ni za shirikisho, kwa kawaida huikataa, na alama yake ya biashara haisajiliwi na ofisi ya taifa kwa bidhaa ambazo sheria ya taifa inazikataza.

Marufuku ya taifa imezaa jambo jingine lisiloonekana kwa urahisi. Kwa kuwa kuvusha bangi mpaka wa jimbo ni kosa la shirikisho hata kama majimbo yote mawili yanairuhusu, kila jimbo limekuwa nchi peke yake. Oregon, yenye hali ya hewa nzuri kwa kilimo hicho, ilizalisha bangi kupita kiasi mpaka bei ikaporomoka, huku majimbo ya baridi yakiikuza ndani ya majengo chini ya taa zinazokula umeme mwingi. Oregon mwaka 2019 na California mwaka 2022 zilitunga sheria za kuruhusu mikataba ya biashara kati ya majimbo, lakini zote mbili zinangoja ishara ya Washington. Wakati huohuo majimbo yalijiwekea masharti ya kuwapendelea wakazi wao katika kutoa leseni, na mahakama zimeanza kuyabomoa. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kwanza ilikibatilisha kifungu cha Maine kilichowataka viongozi wa maduka ya bangi ya matibabu wawe wakazi wa jimbo hilo, kwa hoja kwamba Katiba hairuhusu jimbo kuwabagua wafanyabiashara wa majimbo mengine. Soko ambalo sheria ya taifa inasema halipaswi kuwapo limepewa ulinzi wa kanuni ya Katiba inayolinda soko la taifa.

Hoja hiyo imewaumiza watu ambao sheria mpya zilidai kuwasaidia. Shirika la kutetea haki za kiraia, ACLU, lilionyesha katika ripoti yake ya mwaka 2020 kwamba Mmarekani mweusi alikuwa na uwezekano wa mara 3.6 zaidi wa kukamatwa kwa kupatikana na bangi kuliko mweupe, ingawa matumizi yao yanakaribiana. New York, iliyopitisha sheria yake Machi 2021, iliamua leseni za kwanza za maduka ziende kwa watu waliowahi kutiwa hatiani kwa bangi katika jimbo hilo na kwa jamaa zao. Ilikuwa nia ya haki. Lakini mwombaji aliyekuwa na hatia ya Michigan badala ya New York alikwenda mahakamani akidai kubaguliwa, wengine waliosahauliwa na mpango huo wakafuata, na mahakama zikaweka zuio baada ya zuio. Wakati walengwa wakisubiri, na baadhi yao wakiwa tayari wanalipia pango la maduka yasiyofunguliwa, maduka yasiyo na leseni yalichipuka jijini New York hadi kuzidi elfu moja, na jiji likaanza kuyafunga kwa nguvu mwaka 2024 tu. California ilifika mahali kama hapo kwa njia nyingine: sheria yake ya mwaka 2016 iliziachia serikali za mitaa uhuru wa kukataa maduka, zaidi ya nusu zikakataa, kodi za jimbo na za miji zikarundikana, na soko la magendo likaendelea kustawi kando ya lile la halali.

Kisha kuna bangi ya viwandani, ile inayolimwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu. Sheria ya Kilimo ya Desemba 2018 iliitoa katika marufuku kwa kuifasili kuwa mmea wowote wa bangi ambao kemikali inayolevya, delta-9 THC, haizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Waliotunga kipimo hicho walikuwa wakifikiria mmea shambani. Wafanyabiashara walikisoma wakifikiria peremende na vinywaji. Asilimia 0.3 ya peremende yenye gramu nne ni miligramu 12, wakati kipimo cha mtumiaji mmoja katika maduka yenye leseni ya Colorado ni miligramu 10. Wengine walitengeneza maabara kemikali ya delta-8, ndugu ya ile iliyotajwa, inayolevya lakini isiyotajwa na sheria, na mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ilikubali kwamba maneno ya sheria yanairuhusu. Kwa hiyo bidhaa za kulevya ziliuzwa kwenye vituo vya mafuta katika majimbo ambayo hayajawahi kuruhusu bangi, bila kipimo cha lazima cha maabara wala umri wa mnunuzi, huku mwenye leseni jimbo la pili akibanwa na kifungu cha 280E. Novemba 2025 Bunge lilibadilisha fasili hiyo ndani ya sheria ya bajeti: THC ya aina zote ihesabiwe, na bidhaa inayomfikia mlaji isizidi miligramu 0.4 kwa chombo kizima, kuanzia mwaka mmoja baadaye. Ni kikomo kidogo kiasi cha kuziua karibu bidhaa zote hizo, na wakulima waliowekeza kwa kuiamini sheria ya 2018 wana haki ya kulalamika.

Hapo ndipo watu huuliza kuhusu Jedwali la Tatu. Oktoba 2022 Rais Joe Biden aliagiza nafasi ya bangi ipitiwe upya. Agosti 2023 Wizara ya Afya ilipendekeza ihamishiwe Jedwali la Tatu, liliko kundi la ketamini na baadhi ya dawa za maumivu zenye kodeini. Mei 2024 Wizara ya Sheria ilitangaza rasimu ya kanuni, ikapokea maoni zaidi ya 40,000 ya wananchi. Januari 2025 usikilizwaji wake ukaahirishwa. Na Desemba 2025 Rais Donald Trump akatia saini amri ya kutaka mchakato huo ukamilishwe haraka. Faida ya hatua hiyo ni kubwa na ni ya hakika: kifungu cha 280E kinataja Jedwali la Kwanza na la Pili tu, hivyo bangi iliyo katika la Tatu inakiepuka, na utafiti wa kitabibu nao unarahisika.

Lakini Jedwali la Tatu halimaanishi uhalali. Dawa zilizo humo huuzwa na famasi kwa cheti cha daktari, baada ya kuidhinishwa na mamlaka ya chakula na dawa, na hakuna duka la Denver linaloendeshwa hivyo. Adhabu nazo hazitegemei jedwali peke yake, kwa sababu sheria ya jinai inaitaja bangi kwa jina: kuzalisha au kusambaza miche 1,000 au kilo 1,000 kunaleta kifungo kisichopungua miaka 10, na mashamba mengi yenye leseni yamevuka idadi hiyo zamani. Mabenki bado yangehitaji sheria ya Bunge ili yawe na uhakika, na mipaka ya majimbo ingebaki imefungwa. Mwenye mtaji angepata nafuu ya kodi, na mgongano ungeendelea.

Nimeuacha upande wa watu mpaka hapa kwa sababu ndio unaonihangaisha zaidi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua kesi ya mtu aliyepooza, aliyetumia bangi ya matibabu nyumbani kwake nje ya saa za kazi kwa kibali cha jimbo, akafukuzwa kazi baada ya kipimo. Sheria ya Colorado inawalinda wafanyakazi wasifukuzwe kwa shughuli halali wanazozifanya nje ya kazi, lakini mahakama ilisema shughuli halali ni ile iliyo halali kwa sheria zote mbili. Alishindwa. Baadhi ya majimbo yametunga ulinzi ulio wazi zaidi tangu wakati huo, lakini hayana uwezo wa kuugusa mkono wa serikali kuu unapomfikia mtu moja kwa moja, na hakuna mahali unapomfikia mtu moja kwa moja kama kwenye uhamiaji, ambao ni mamlaka ya taifa peke yake.

Wasemaji wa Kiswahili walioko Portland ya Maine, Columbus ya Ohio, Minneapolis, au Seattle na vitongoji vyake, wengi wao wakiwa wakimbizi wa Kongo na watu wa Kenya, Tanzania na Burundi waliofuata kazi na ndugu, wanaishi katika majimbo yanayoruhusu bangi. Wanaona maduka yenye mabango, wanaona matangazo ya kazi ya kufungasha, kulinda au kuhudumia, na hakuna karatasi ukutani inayowaambia kwamba ruhusa ile haiwahusu wao. Sheria ya uhamiaji inamruhusu ofisa kumzuia asiye raia kuingia nchini endapo anakiri kufanya kosa linalohusu dawa zinazodhibitiwa, hata kama hakuwahi kushtakiwa, na inahesabu sheria za nchi ya kigeni pia. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ile ambayo wengi huiita grini kadi, anaweza kuondolewa nchini kwa hatia ya dawa za kulevya, isipokuwa kosa moja tu la kupatikana na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake. Hata mwenye msamaha huo mdogo anaweza kusafiri kwenda msibani Mombasa au Bukavu, akarudi, na uwanja wa ndege akachukuliwa kama mtu anayeomba kuingia upya, ambako masharti ni makali zaidi.

Kwa anayefanya kazi katika biashara yenyewe hatari ni kubwa kuliko kwa mtumiaji. Asiye raia ambaye ofisa ana sababu ya kuamini kuwa ameshiriki au kusaidia biashara ya dawa za kulevya huzuiwa kuingia bila kuhitaji hukumu ya mahakama yoyote, na kizuizi hicho humfikia mke au mume wake na watoto wake, ikiwa walinufaika na fedha hizo ndani ya miaka mitano na walijua, au walipaswa kujua, zilikotoka. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo unaosema kwamba kuajiriwa katika biashara ya bangi, hata iliyo halali katika jimbo, kunaweza kumfanya mwombaji wa uraia akose sifa ya kuwa na mwenendo mwema. Mtu analipa kodi kwa mshahara wa kazi hiyo, anaitaja kwa ukweli katika fomu ya uraia, na ukweli huo unakuwa ushahidi dhidi yake. Pale majimbo yanapofuta kumbukumbu za hatia za zamani kwa nia ya kuwarejeshea watu haki, sheria ya uhamiaji kwa kawaida haiutambui ufutaji huo. Anayemshauri ndugu yake akafute kumbukumbu na kuliona jambo limekwisha anamshauri vibaya, na mwombaji wa namna hiyo anahitaji wakili wa uhamiaji kabla hajajaza fomu yoyote wala kupanda ndege.

Na hapa Jedwali la Tatu halisaidii kitu. Kifungu cha kodi kilitaja majedwali mawili tu, ndiyo maana kuihamisha bangi kunamwondolea mwenye duka mzigo wake. Sheria ya uhamiaji inasema dawa inayodhibitiwa, na dawa inayodhibitiwa ni yoyote iliyo katika majedwali yote matano. Siku ambayo mwenye kampuni atajaza ritani yake bila kifungu cha 280E, mhudumu wake asiye raia atakuwa na kosa lilelile alilokuwa nalo jana yake, mpaka Bunge litakapoitoa bangi katika majedwali yote au kuitengenezea kifungu chake katika sheria ya uhamiaji.